Mafuta yanayobaki mwambani: jinsi data inavyoongeza mavuno ya Johan Sverdrup

Kampuni ya mafuta inapofunga kisima cha mwisho na kung'oa mitambo yake, mafuta mengi huwa bado yako chini. Kwa wastani wa dunia, katika kila mapipa matatu yaliyokuwamo mwambani ni moja tu hivi linalopandishwa juu. Mawili hubaki. Sehemu ya hayo hubaki kwa sababu kuyatoa kungegharimu kuliko bei yake sokoni. Sehemu nyingine hubaki kwa sababu hakuna aliyejua yamejificha wapi, au alijua akiwa amechelewa. Sababu hii ya pili ndiyo inayopiganwa kwa teknolojia ya kidijitali, na pahala pazuri pa kuitazama vita hiyo ni Bahari ya Kaskazini, kilomita zipatazo 160 magharibi mwa mji wa Stavanger nchini Norwei, penye hazina ya mafuta iitwayo Johan Sverdrup.

Jina ni la waziri mkuu wa Norwei wa karne ya 19. Mafuta yenyewe yaligunduliwa mwaka 2010, katika eneo ambalo makampuni yalikuwa yakitafuta tangu miaka ya 1960. Kampuni ya Lundin ndiyo iliyopata kisima cha kwanza. Mwaka uliofuata Statoil, ambayo leo inaitwa Equinor, ikachimba kitalu cha jirani, na ikabainika kwamba ugunduzi wote wawili ni hazina moja yenye upana wa kilomita za mraba 200. Uzalishaji ulianza Oktoba 2019, awamu ya pili ikaanza Desemba 2022, na uwezo ukafikia mapipa kama 755,000 kwa siku. Hiyo ni takribani theluthi moja ya mafuta yote ya Norwei. Equinor ndiyo mwendeshaji, ikiwa na hisa ya asilimia 42.6, wengine ni Aker BP, kampuni ya serikali ya Norwei iitwayo Petoro, na TotalEnergies.

Mafuta yanayotarajiwa kutolewa ni mapipa bilioni 2.7. Lakini tarakimu ambayo wataalamu huitazama zaidi ni ile ya kiwango cha uvunaji, yaani asilimia ya mafuta yaliyomo mwambani ambayo hatimaye yatatoka. Wastani wa Norwei, ambao wenyewe uko juu sana ukilinganisha na dunia, ni kama asilimia 47. Johan Sverdrup inatarajiwa kufika 66, na lengo lililotangazwa ni 75.

Fanya hesabu. Ikiwa mapipa bilioni 2.7 ni asilimia 66, basi yaliyomo mwambani ni kama bilioni 4. Kila asilimia moja inayoongezwa ni mapipa milioni 40 hivi. Kwa bei ya dola 70 kwa pipa, asilimia hiyo moja ina thamani ya dola bilioni 2.8. Ukishaziona namba hizi, unaelewa kwa nini watu wenye akili timamu wanafukia mamia ya kilomita za nyaya chini ya bahari ili kujua maji yamefika wapi.

Mafuta hayakai kwenye shimo

Watu wengi hufikiri kwamba mafuta yapo chini kama ziwa, na kwamba kazi ni kuteremsha bomba na kuyavuta. Sivyo. Mafuta yamo ndani ya vinyweleo vya mwamba, katika nafasi ndogo zilizoachwa kati ya punje na punje za mchanga ulioshindiliwa ukawa jiwe. Katika Johan Sverdrup mwamba huo ni wa zama za Jura, uko mita kama 1,900 chini, na ni mwamba mzuri ajabu: punje zake zimepangika kwa namna inayoruhusu mafuta kupita kwa urahisi usiopatikana katika hazina nyingi. Hilo lisisahaulike huko mbele tunapozungumzia kompyuta. Sehemu ya asilimia 66 ni zawadi ya jiolojia.

Mkamua tui anaujua mpango huu. Mkamuo wa kwanza hutoka bila shida, tui zito. Kisha unaongeza maji, unakamua tena, unapata tui la pili. Na hata chicha unayoitupa bado ina mafuta ndani yake. Katika mwamba, mkamuo wa kwanza ni presha ya asili: mafuta yamebanwa na uzito wa miamba ya juu, na kisima kikitobolewa yanasukumana kutoka. Presha hiyo hupungua upesi. Ndipo maji yanapodungwa kupitia visima maalumu, yayasukume mafuta kuelekea visima vya uzalishaji. Katika sehemu nyingi za Norwei hudungwa pia gesi, au maji na gesi kwa zamu, kwa kuwa gesi hufika katika vinyweleo vya juu ambavyo maji huviruka.

Tatizo ni maji yenyewe. Maji hufuata njia nyepesi. Mwamba si sawa kila mahali: hapa kuna tabaka lenye vinyweleo vikubwa, pale kuna udongo wa mfinyanzi, kule kuna ufa unaoziba au unaopitisha. Maji yakipata tabaka jepesi, yanakimbia moja kwa moja hadi kisima cha uzalishaji na kuacha mafuta pande zote mbili. Tangu siku hiyo kisima kinatoa maji zaidi na zaidi, unalipa kuyapandisha, unalipa kuyasafisha, unalipa kuyarudisha, na yanapita palepale yalipopita jana. Mafuta yaliyoachwa pembeni hayajaenda popote, ila hayana cha kuyasukuma.

Kwa hiyo swali la msingi la uvunaji ni moja: maji yako wapi sasa hivi, na yanaelekea wapi? Anayelijua jibu mwaka mmoja kabla maji hayajafika kisimani anaweza kufanya jambo. Anaweza kupunguza udungaji upande huu, kuuongeza upande ule, au kuhamisha mahali pa kisima kinachofuata. Anayelijua siku maji yanapochuruzika juu ya jukwaa la uzalishaji baharini amebakiwa na machaguo machache, tena ya gharama kubwa.

Kuusikiliza mwamba

Namna ya kuona chini ya bahari ni kupiga mshindo na kusikiliza mwangwi. Meli hubeba vifaa vinavyofyatua hewa iliyogandamizwa ndani ya maji. Mtetemo hushuka, na kila mpaka wa tabaka na tabaka hurudisha sehemu yake. Vihisi hunasa mwangwi, na kompyuta hugeuza mamilioni ya rekodi kuwa picha. Pwani ya Tanzania imepimwa kwa mitetemo namna hiyo mara nyingi, na ndivyo gesi ya kina kirefu ilivyopatikana.

Picha moja hukuambia umbo la mwamba. Haikuambii kinachotembea ndani yake. Lakini ukipiga tena baada ya muda, ukazilinganisha picha mbili, tofauti inaanza kusema. Maji ni mazito kuliko mafuta, na hayabanwi kwa urahisi kama mafuta, kwa hiyo mtetemo unapita ndani yake kwa kasi tofauti. Mahali maji yalipochukua nafasi ya mafuta, mwangwi hubadilika kidogo.

Kidogo sana. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kwa njia ya kawaida, meli huburuta nyaya ndefu zenye vihisi nyuma yake. Mkondo wa bahari huzisukuma nyaya hizo huku na huku. Ukirudi baada ya miaka miwili hutaziweka palepale zilipokuwa. Karibu na majukwaa meli haiwezi kupita kabisa, ilhali visima vingi viko hapohapo. Tofauti ndogo unayoitafuta inamezwa na tofauti za upimaji wenyewe.

Johan Sverdrup ilichukua njia nyingine. Zaidi ya kilomita 380 za nyaya za faiba zilifukiwa kwenye sakafu ya bahari, zikiwa na vihisi zaidi ya 6,500. Vihisi havisogei. Meli ikija, inakuja na mshindo tu, na masikio yako palepale yalipokuwa mara ya mwisho. Kipimo kinaweza kurudiwa mara mbili kwa mwaka badala ya kungoja miaka, na kwa sababu vihisi viko ardhini na si majini, vinanasa pia aina ya mitetemo ambayo haipiti katika maji kabisa.

Kwa nini faiba? Kwa sababu hakuna elektroniki ya kuoza chini ya chumvi. Mwanga wa leza hutumwa kutoka juu ya jukwaa. Mtetemo ukipita, unanyosha na kuachia uzi wa kioo kwa kiasi kidogo mno, na mwanga unaorudi unabeba alama ya mnyoosho huo. Kila kinachohitaji umeme na matengenezo kiko juu, ambako fundi anafika. Kwa hazina inayotarajiwa kuzalisha kwa takribani miaka 50, jambo hilo ni la msingi kuliko linavyoonekana.

Norwei haikuanzia hapo. Hazina ya Valhall iliwekewa vihisi vya kudumu mwaka 2003, na Ekofisk ikapata vya faiba mwaka 2010. Ekofisk inastahili kutazamwa vizuri kwa sababu inatusaidia kutopotosha sifa. Ilipoanza kuzalisha mwaka 1971, matarajio yalikuwa kuvuna kama asilimia 17 ya mafuta yake. Leo makadirio yamevuka 50. Hatua kubwa zaidi katika mruko huo ilikuwa uamuzi wa kudunga maji, ulioanza kutekelezwa mwaka 1987, kabla neno "kidijitali" halijawa la kila mkutano. Vihisi vilikuja baadaye, vikasaidia kuchagua mahali pa visima vilivyofuata. Anayekuambia kwamba kompyuta peke yake huongeza uvunaji kutoka 17 hadi 50 anakuuzia kitu.

Tofauti ya Johan Sverdrup ni wakati. Huko kwingine vihisi viliwekwa hazina ikiwa mzee, sehemu kubwa ya maamuzi ikiwa imekwisha kufanyika. Hapa viliwekwa mwanzoni mwa uzalishaji. Picha ya mwanzo, kabla maji hayajasogea mbali, ipo. Haiwezi kupigwa baadaye kwa bei yoyote.

Modeli mia badala ya moja

Mwangwi ukishapatikana, unaingia kwenye modeli ya hazina. Modeli ni hesabu: mwamba umegawanywa katika vijumba mamilioni, kila kijumba kina ukubwa wa vinyweleo vyake, presha yake, kiasi chake cha mafuta, maji na gesi, na kompyuta inakokotoa nini kitahamia wapi mwezi ujao na mwaka ujao.

Zamani mhandisi alikuwa na modeli moja. Aliirekebisha kwa mkono mpaka matokeo yake yafanane na yale visima vilivyotoa kweli, kisha akaitumia kutabiri. Udhaifu wake ni mkubwa: mwamba wa aina nyingi tofauti unaweza kutoa historia ileile ya visima, halafu ukatofautiana kabisa katika mwaka wa kumi. Modeli moja inayofanana na jana inampa mhandisi uhakika ambao hana haki nao.

Mabadiliko yalitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1994 mtafiti wa Norwei, Geir Evensen, alichapisha mbinu ya kuunganisha modeli za bahari na vipimo vya bahari. Badala ya kuendesha modeli moja, unaendesha kundi zima kwa pamoja, kila moja ikiwa na dhana yake tofauti kidogo kuhusu hali ilivyo. Kipimo kipya kikifika, kundi lote linasogezwa kuelekea kilichopimwa, na mtawanyiko unaobaki unakuonyesha kiasi cha kutojua kwako. Mbinu hiyo ilihama kutoka kwenye mikondo ya bahari hadi kwenye miamba ya mafuta, na leo ni sehemu ya kazi ya kila siku. Equinor imetengeneza programu yake ya kuendesha makundi hayo na kuiweka wazi bure kwa yeyote.

Hapa naona ndiyo roho ya jambo zima. Swali linaloulizwa mezani limebadilika. Zamani liliulizwa: modeli inasema tuchimbe wapi? Sasa linaulizwa: katika dhana mia tulizo nazo kuhusu mwamba huu, mahali gani pa kuchimba patatulipa katika nyingi kati yake, hata kama hatujui ipi ndiyo kweli? Hilo ni swali la mtu mwenye adabu mbele ya ardhi. Akili unde inaingia hapo kama msaidizi, kwa kuharakisha usomaji wa mwangwi na kutafuta mifumo ambayo jicho lingechukua wiki kuiona. Haiwezi kuziba pengo la kipimo ambacho hakikuchukuliwa.

Ndani ya kisima

Kisima cha leo si bomba la kunyooka chini. Hushuka, kikalala, kikatembea kilomita kadhaa ndani ya tabaka la mafuta. Fundisho kubwa kuhusu hilo liko Troll, hazina nyingine ya Norwei, ambako mafuta yalikuwa tabaka jembamba lililobanwa kati ya gesi nyingi juu na maji chini. Hata katika sehemu bora tabaka hilo lilikuwa na unene wa mita 22 hadi 26 tu. Kisima cha wima kingevuta gesi au maji mara moja, na kwa miaka mingi wengi waliamini mafuta yale hayavuniki. Visima vya kulala, vikiongozwa kwa vipimo vilivyo nyuma kidogo tu ya keekee, vilibadilisha hesabu. Troll ilianza kutoa mafuta mwaka 1995 na ikawa moja ya hazina kubwa za mafuta za nchi hiyo.

Kuongoza keekee ni kazi inayofanyika papo kwa papo. Vyombo vilivyofungwa nyuma yake hupima jinsi mwamba unavyopitisha umeme: mafuta hayapitishi, maji ya chumvi yanapitisha, na vyombo vya sasa huhisi mpaka wa tabaka makumi ya mita kabla ya kuufikia. Data inapanda juu, inavuka bahari, na mwanajiolojia aliyeketi nchi kavu anasema: inua nusu digrii. Zamani alikuwa akigundua baada ya siku kadhaa kwamba mita mia tatu zilichimbwa kwenye udongo usio na kitu.

Kisima kikikamilika, hubaki na vipimo vya presha na joto ndani yake, na kikigawanywa katika sehemu zenye valvu, kila sehemu inaweza kufunguliwa au kubanwa kutoka juu. Maji yakianza kuingia kwenye ncha ya kisima, unabana ncha na kuacha kisigino, yaani sehemu ambapo kisima kinaanza kulala, kiendelee kutoa. Bila valvu hizo una chaguo moja: kubana kisima chote.

Juu ya maji kuna pacha wa kidijitali, nakala ya majukwaa yote ndani ya kompyuta, kila valvu na kila pampu na historia yake. Fundi mwenye tableti anasimama mbele ya bomba na kuona nyaraka zake zote bila kupekua makabati. Hili husifiwa sana kwenye maonyesho kwa kuwa linapendeza machoni. Ni kweli linaokoa muda, na muda ni mapipa. Equinor ilitangaza kwamba katika mwaka wa kwanza wa uzalishaji teknolojia za kidijitali na namna mpya za kufanya kazi ziliongeza mapato ya Johan Sverdrup kwa zaidi ya kroni za Norwei bilioni 2. Lakini tofautisha: sehemu kubwa ya faida ya namna hii ni kutoa leo mafuta ambayo yangetoka kesho. Kuongeza kiwango cha uvunaji, yaani kutoa mafuta ambayo yasingetoka kamwe, ni kazi ya vihisi vya sakafuni, modeli na mahali pa visima. Taarifa nyingi za makampuni huchanganya mambo haya mawili, na msomaji anayefuatilia sekta hii hana budi kuyatenga.

Mahali ambapo data haifiki

Tarehe 18 Novemba 2024 uzalishaji wa Johan Sverdrup ulisimama. Si kwa dhoruba wala kwa tatizo la mwamba. Kituo cha kubadilisha umeme kilichoko nchi kavu kilipata hitilafu ya joto kupita kiasi, na majukwaa yote yanategemea umeme huo unaovuka bahari kwa nyaya za urefu wa kilomita 200. Mafuta yaliendelea baadaye, lakini soko la dunia lilikuwa limekwisha kushtuka. Kuunganisha kila kitu ni kuongeza pia idadi ya vitu ambavyo kukatika kwa kimoja kunasimamisha vyote, na mifumo ya kompyuta inayogusa valvu ni mlango ambao wahalifu wa mtandaoni wanaujua.

Umeme huo ndio unaoifanya Johan Sverdrup itoe gramu 670 tu za kaboni dioksidi kwa pipa wakati wa uzalishaji, wakati wastani wa dunia ni kilo 15 na zaidi. Ni mafanikio ya kweli ya uhandisi. Pia ni sehemu ndogo ya habari: pipa lilelile likichomwa kwenye magari na ndege hutoa kilo zaidi ya 400. Kuvuna asilimia zaidi kutoka hazina iliyokwisha kufunguliwa kuna hoja nzuri kuliko kufungua mpya penye majukwaa mapya na mabomba mapya. Hata hivyo hewa haijali asilimia ya uvunaji, na siamini kwamba mtu anaweza kuandika kuhusu jambo hili kwa unyofu akaacha tarakimu hiyo ya kilo 400.

Kisha kuna bei ya kila asilimia inayofuata. Mwaka 2025 Equinor na wabia wake waliidhinisha awamu ya tatu: kroni bilioni 13, visima vinane kwenye mitambo mipya ya sakafuni, kuanza mwishoni mwa 2027. Mavuno yanayotarajiwa ni mapipa milioni 40 hadi 50, yaani asilimia moja na kidogo. Mahali pa visima vya namna hiyo huchaguliwa kwa mwangwi uliokusanywa tangu mwanzo, na bila nyaya zile hakuna ambaye angethubutu kuvipanga kwa uhakika huo. Lakini kutoka 66 hadi 75 kuna hatua nyingi za aina hiyo, na kila moja itakuwa ghali kuliko iliyotangulia, huku maji yakiongezeka katika visima vya zamani.

Ziwa Albert na kina cha Lindi

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jambo hili liko karibu kuliko ramani inavyoonyesha. Serikali ya Uganda inakadiria kuwa bonde la Ziwa Albert lina mapipa bilioni 6.5, ambayo kati yake bilioni 1.4 ndiyo yanayotarajiwa kutolewa. Gawanya: ni asilimia 21 na nusu. Magazeti hujadili mrabaha, kodi, na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Ni nadra kukuta mtu akiuliza kuhusu asilimia hiyo, ingawa kila moja inayoongezwa ni mapipa milioni 65.

Tusiende mbali kudai kwamba Uganda ingeweza kufika 66. Mafuta yake yana nta nyingi, huganda yakipoa, na ndiyo sababu bomba lenyewe limebuniwa kupashwa moto njia nzima. Hazina zake ni nyingi zilizotawanyika, si moja kubwa. Mradi wa Tilenga peke yake umepangiwa visima zaidi ya 400, na maji ya kudunga yanatoka ziwani. Hata hivyo maswali ni yaleyale. Visima vingapi vina vipimo vya kudumu ndani? Nani kwa upande wa serikali anaendesha modeli yake mwenyewe badala ya kusoma muhtasari wa mwendeshaji? Kipimo cha mitetemo kabla ya udungaji kilichukuliwa kwa ubora gani, ili kiweze kulinganishwa na cha miaka mitano baadaye? Nchini Norwei kampuni haisubiri kuombwa data kwa hisani. Sheria inaitaka iikabidhi, na tangu mwaka 1995 nchi ina hazina ya pamoja ya data iitwayo Diskos, ambamo mamlaka ya serikali inaona kile kampuni inachokiona. Petoro nayo inaketi mezani kama mbia, na hupigia hesabu mafuta ya miaka thelathini ijayo, si faida ya robo mwaka.

Tanzania ni habari nyingine. Equinor hiyohiyo ndiyo mwendeshaji wa Kitalu namba 2 baharini mkabala na Lindi, ambako gesi ya zaidi ya futi za ujazo trilioni 20 imegunduliwa. Gesi hupanuka yenyewe presha inaposhuka, kwa hiyo uvunaji wake kwa kawaida uko juu sana bila kudunga kitu, na nyaya kama zile za Johan Sverdrup si lazima zilipe gharama yake. Kinachohitaji kufuatiliwa huko ni maji ya asili yanayopanda kutoka chini na kufunga njia ya gesi. Kunakili kila kifaa cha Norwei kungekuwa kutupa fedha.

Upande wa ujuzi, mlango umekwisha kufunguliwa. Mwaka 2018 Equinor iliweka hadharani data yote ya hazina ndogo ya Volve, iliyozalisha kutoka 2008 hadi 2016 na kuvuna asilimia 54: faili kama 40,000, zikiwamo rekodi za mitetemo, vipimo vya visima na modeli yenyewe. Kuna pia programu huria ya kukokotoa mwenendo wa hazina, OPM Flow, isiyodai leseni ya maelfu ya dola. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Makerere mwenye kompyuta ya wastani anaweza kuanza na modeli ya Volve iliyokwisha kutengenezwa, kuiendesha usiku mmoja, na asubuhi kulinganisha maji yaliyotabiriwa na maji ambayo visima vile vilitoa kweli.